Jinsi ya Kutumia Ramani ya Gari Kutoka Mwanza Hadi Sengerema

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Mwanza, na magari mengi ninayoyahudumia yametoka Japani yakiwa na skrini ya ramani ambayo mwenyewe hajawahi kuitumia.

Hatua ya kwanza ni kujua ramani iliyomo ni ya nchi gani. Washa swichi, fungua ramani, kisha ipunguze mpaka uione nchi nzima. Ukikuta visiwa vya Japani, kubadili lugha ya skrini hakutakusaidia, kwa maana lugha na ramani ni vitu viwili tofauti. Unahitaji ramani ya Tanzania inayokubaliana na kifaa chako, na kwa vifaa vingi vya soko la Japani si rahisi kuipata. Kwa hiyo usimlipe mtu kabla hajakuonyesha Barabara ya Nyerere kwenye skrini hiyo hiyo. Inaniuma kila ninapompokea mteja aliyekwisha kutoa fedha zake akaambulia Kiingereza tu.

Hatua ya pili, egesha mahali pa wazi, si chini ya bati, uvute breki ya mkono, kisha usubiri kifaa kipate angalau setelaiti nne.

Hatua ya tatu, andika Sengerema. Ikiwa unakokwenda hakuna jina kwenye orodha, gusa mahali penyewe kwenye ramani au ingiza nambari za latitudo na longitudo. Hapo kuwa mwangalifu sana: sisi tuko kusini mwa ikweta, na ukiacha herufi ya kaskazini (N) badala ya kusini (S) kwenye latitudo ya 2.5, alama itaangukia kaskazini mwa Uganda.

Hatua ya nne, kagua njia kabla ya kuondoka. Inapaswa kupita Usagara, kisha ikunje kulia kuelekea Kigongo. Ikikupeleka kwenye kivuko cha Kamanga nawe hutaki kuvuka kwa maji, zima vivuko kwenye mipangilio ya njia, mradi ramani yako inalijua daraja la Kigongo–Busisi; kwa ramani ya zamani, Kigongo nako ni kivuko, kwa hiyo usivizime.

Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, hivyo ramani ya zamani hailijui. Ukiwa juu yake utauona mshale wa gari ukielea katikati ya ziwa, na huenda sauti ikakuamuru ugeuze. Usigeuze wala usibonyeze chochote. Fuata lami, na ukifika upande wa Busisi mshale utarudi barabarani wenyewe.