Kutoka Windows 10 kwenda Windows 11 bila kupoteza mafaili

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta bado inawaka, ila masasisho ya usalama ya kawaida yamekoma. Mwenye Windows 10 yenye leseni halali anahamia Windows 11 bure, na usakinishaji wenyewe ni wa kubofya tu. Watu hukwama kabla ya hapo.

Anza na prosesa, maana ikikataa haina dawa rasmi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome mstari wa "Processor". Kwa Intel Core, i5-8250U ni kizazi cha 8, inapita. i5-6300U, ambayo imejaa kwenye laptopu za mtumba kama HP EliteBook 840 G3, ni kizazi cha 6, haipiti. Namba za AMD zinapotosha: Ryzen 5 2600 inapita, Ryzen 5 2500U haipiti. Huko ni bora uiachie PC Health Check, programu ya ukaguzi ya Microsoft, ikuamulie. RAM inayotakiwa ni GB 4, lakini chini ya 8 utateseka, na kwenye diski ya kuzunguka utateseka zaidi, SSD kwanza.

Zipo mbinu za kulazimisha mashine iliyokataliwa. Hatuzipendekezi kwa kompyuta ya kazi, kwa sababu Microsoft haikuhakikishii masasisho baadaye.

Hapohapo kwenye msinfo32 tazama "BIOS Mode", yaani namna kompyuta inavyowashwa kabla ya Windows: UEFI ni mtindo mpya, Legacy ni wa zamani. Ikiwa ni UEFI, ruka amri za mbr2gpt katika aya inayofuata. Ikiwa ni Legacy, usikimbilie kubadilisha BIOS. Diski yako imegawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na ukiwasha UEFI kabla ya kuigeuza kuwa GPT, mtindo mpya, kompyuta haitaiona Windows kabisa. Hapa ndipo wengi hudhani diski imekufa, wakaifomati bure. Ukiwa umeshawasha UEFI, rudisha Legacy, itawaka kama zamani.

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kama BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa siri, imewashwa, andika kwenye karatasi ufunguo wake wa tarakimu 48, kisha uisimamishe kwa muda. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS; mafaili hayaguswi. Ikikataa, mara nyingi diski ina sehemu kuu zaidi ya tatu, na laptopu nyingi huja na sehemu za ziada za mtengenezaji. Futa moja usiyoihitaji, kamwe si ile ya kuwashia, ujaribu tena.

Sasa ingia BIOS: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Zima Legacy (au CSM, jina lake jingine), chagua UEFI, washa Secure Boot, kinga ya wakati wa kuwaka. Mashine za UEFI tangu awali nazo zipitie hapa, kwa sababu TPM, kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, mara nyingi huwa imezimwa: kwa Intel inaitwa PTT, kwa AMD fTPM. Ukirudi kwenye Windows, bonyeza tena Windows na R, andika tpm.msc, toleo lisomeke 2.0.

Acha GB 30 hivi wazi kwenye C. Kama bando lako ni dogo, pakua kutoka Microsoft faili la ISO lenye Windows 11 nzima, linalozidi GB 5, penye Wi-Fi nzuri na ulibebe kwa flashi. Libofye mara mbili, endesha setup.exe, chagua kubaki na mafaili na programu. Laptopu iwe imejaa chaji na imechomekwa. Kompyuta ya mezani bila UPS usiiguse siku umeme unapokatikakatika.

Kosa 0x80070070 maana yake nafasi haitoshi. 0xC1900101 karibu daima ni draiva, yaani programu inayoendesha kifaa: chomoa printa, modemu na flashi, ondoa antivirasi isiyo ya Windows, sasisha draiva za Wi-Fi na grafiki kutoka tovuti ya mtengenezaji, kisha rudia.

Usiifute folda ya Windows.old, yenye Windows yako ya zamani. Kwa siku 10 unaweza kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery. Diski itabaki GPT, na Windows 10 haina shida na hilo. Ukitaka muda zaidi, kabla siku hizo hazijaisha fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30, nawe utapata siku 30.