ftp_size ikikuletea -1
Wasee wa Kisumu, kama skripti yako ya PHP inauliza saizi ya faili iliyo kwenye seva ya FTP (ya kuhamisha faili) kwa ftp_size, halafu inaleta -1 badala ya saizi, usikimbilie kulaumu intaneti, mimi nilikesha nayo hapa Kondele kumbe nilikuwa naulizia folda, na ftp_size haipimi folda. Chapa ftp_pwd uone uko wapi, halafu weka njia kamili ya faili, herufi kubwa na ndogo vilevile zilivyo. Bado? Tuma FEAT (amri ya kuuliza seva inajua nini) kwa ftp_raw, usipoona SIZE (amri ya kuuliza saizi) kwa majibu basi pengine hiyo seva haiijui, tumia ftp_rawlist, inayoorodhesha faili za folda, usome saizi kwa mstari wa faili, ila washa ftp_pasv (hali ya passive, skripti yako ndiyo inafungua muunganisho wa data) ukishalogini maana bila hiyo inaweza kuganda tu. Na usiandike if ($saizi) pekee, PHP inaona -1 ni kweli, linganisha na -1 yenyewe.