Jinsi ya kuikagua nyumba ya kale ya mbao kule Krapje, Kroatia

Kama unapenda ujenzi wa mbao na una safari ya Kroatia, usiishie pwani Dubrovnik na Split kama wengi. Ukitoka Zagreb elekea Sisak alafu fuata mto Sava kushuka, utapita Čigoč, Mužilovčica, mpaka ufike Krapje. Vijiji hivi viko ndani ya hifadhi ya Lonjsko Polje, ilianzishwa 1990, ni kama kilomita za mraba 500 za bonde ambalo mto ukijaa maji yanaachwa yatawanyike humo ili miji ya chini isizame. Tafuta gari lako mwenyewe maana mabasi ni machache sana.

Sasa ukisimama mbele ya nyumba, macho yatakimbilia juu kwenye roshani na viota vya korongo. Wewe anza chini. Hizi nyumba zimejengwa na watu waliojua maji yatakuja, kwa hiyo ukitaka kuzielewa zisome kutoka ardhini kwenda juu, sio kinyume chake.

Chini kabisa kuna boriti kubwa za mwaloni zinazobeba nyumba nzima, zimekalia vipande vya magogo au nguzo fupi za matofali ili zisiguse udongo. Inama uangalie. Kama kuna upenyo wa hewa chini yake hiyo nyumba ina bahati, kama mtu amemwaga saruji kuzunguka akidhani anaimarisha basi unyevu umefungiwa humo na mbao inaoza taratibu kwa ndani. Gonga kwa kifundo cha kidole: mbao nzima inalia kavu, iliyooza inatoa sauti nzito ya kufa. Ukiwa na ruhusa ya mwenyewe chukua bisibisi ukachokonoe sehemu moja iliyojificha, ikizama kirahisi ujue tatizo lipo. Lakini usikate tamaa haraka, ile nyama ya nje yenye rangi nyepesi ndio wadudu wanaila kwanza, kiini cha mwaloni kinaweza kuwa kizima kabisa bado.

Alafu nenda kwenye kona. Hapo ndipo fundi anapojulikana! Ukuta ni mbao nene zimelazwa moja juu ya nyingine, na kwenye kona utakuta mojawapo ya njia mbili, ama ncha zimepishana na kutokeza nje ya ukuta, ama zimekatwa sawasawa kwa mshazari, ile seremala anaita mkia wa njiwa, kwamba uzito wa juu unavyokandamiza ndio kiungo kinazidi kubana. Msumari hauna kazi hapo, sana sana vigingi vya mbao. Angalia kama mikato imelingana kona zote nne, kona moja ikiwa tofauti basi pengine ilirudiwa baadaye, au nyumba iliwahi kuhamishwa. Ndio, kuhamishwa. Kwa kuwa hakuna kilichogandishwa waliweza kuzifungua mbao moja moja, wakaziwekea alama na kwenda kuziunganisha sehemu nyingine, kwa hiyo tafuta namba au mikwaruzo iliyochongwa karibu na kona.

Viungo hivyo vina faida nyingine. Tarehe 29 Desemba 2020 tetemeko la ukubwa wa 6.4 lilipiga Petrinja, karibu na Sisak, na nyumba za matofali ziliumia sana, lakini ukuta wa mbao zilizopishana unacheza kidogo kisha unatulia. Kwa hiyo ukikagua nyumba ya eneo hilo angalia hasa dohani na vigae, hivyo ndivyo dhaifu.

Ngazi utaikuta nje ukutani, imefunikwa na paa lake na inaishia kwenye kibaraza cha ghorofani. Watu waliishi juu, chini ikawa stoo ya chakula na vyombo, yani maji yakiingia familia inaendelea kulala pakavu. Nyumba yenyewe imeipa barabara upande wake mwembamba, kiwanja kinakwenda nyuma kwa urefu, kwa hiyo omba uingie uani maana nusu ya habari iko huko: zizi, ghala, kibanda chembamba cha mahindi chenye kuta za fito zilizoachana ili upepo uyakaushe. Na usitenganishe nyumba na msitu, mialoni ile ile iliyotoa boriti ilidondosha mbegu zilizonenepesha nguruwe, ni uchumi mmoja.

Ukitaka kukarabati, kwanza ni kibali. Krapje inalindwa kisheria kama urithi wa utamaduni, usitoe hata ubao kabla ya kuongea na idara ya uhifadhi. Kazi yenyewe mara nyingi ni kubadilisha boriti ya chini: inua nyumba kwa jeki kidogo kidogo pande zote, ukiharakisha upande mmoja kona zinafunguka, kata iliyooza tu na uunge mwaloni mkavu kwa kiungo kirefu, usibadilishe boriti nzima kama theluthi mbili zake ni nzima. Kuta ziache zipumue, rangi ya plastiki hapana. Ndani palipopigwa udongo na chokaa rudisha udongo na chokaa.

Na kama kuna kiota juu ya paa, subiri. Korongo weupe wanafika mwanzoni mwa machipuko na kuondoka Agosti kuja huku Afrika, kwa hiyo kazi ya paa ipange kuanzia Septemba.