AC ya baridi na joto inagoma kutoa joto? Jinsi ya kutumia rimoti na kupima bodi yake hatua kwa hatua

Habarini wadau. Msimu wa baridi ukiingia huku Arusha, Karatu mpaka kule Njombe na Makete, simu za wateja zinakuwa za aina moja tu, "fundi AC yangu haitoi joto, njoo uongeze gesi." Sasa mimi nasema hivi, gesi ndo kitu cha mwisho kabisa kugusa, maana AC za baridi na joto nyingi nilizokuta zinalalamikiwa gesi iko sawa, shida ni jinsi inavyowashwa au ni kwenye mfumo wa kuiongoza, yani rimoti, sensa, waya na bodi, na watu wanatoa hela ya gesi bure na bado usiku wanalala na mablanketi matatu.

Kwanza uelewe inavyofanya kazi, kwa kifupi tu. Kompresa (pampu ya gesi) ni moja, gesi ni ile ile, ila kwenye yuniti ya nje kuna valvu ya njia nne, mafundi tunaiita foowei. Ikigeuka inageuza njia ya gesi, ile koili ya ndani (mabomba ambamo gesi inapita) iliyokuwa inapoza inaanza kupasha na ya nje ndo inakuwa ya baridi. Anayeamua foowei igeuke saa ngapi, kompresa iwake saa ngapi na feni ya ndani ianze saa ngapi ni bodi, yani ule ubao wa kielektroniki, na bodi inaamua kwa kusikiliza sensa zake na rimoti yako. Sensa ikidanganya, bodi nayo inaamua ujinga.

Hatua ya 1: hakikisha AC yako ina joto kweli

Usicheke, hii inatokea sana. Mtu kapoteza rimoti ya asili akanunua ile ya kuingiliana na AC zote, ile rimoti ina alama ya jua, anabonyeza jua anasubiri joto na AC yenyewe ni ya baridi tu. Nenda kwenye yuniti ya nje usome kile kibandiko chake, kama kimeandikwa uwezo wa kupoza na uwezo wa kupasha vyote viwili basi ina joto, kama kuna kupoza peke yake achana nayo, hakuna fundi atakayeifanya itoe joto.

Na kingine kuhusu rimoti, kwa hizi za mkononi za kawaida kinachoonekana kwenye kioo chake ni kile rimoti ilichotuma, sio kile AC inachofanya. Rimoti inaweza kuonyesha jua na 24 wakati AC haikupokea kitu. Kwa hiyo sikiliza ule mlio wa "pii" kwenye yuniti ya ndani kila ukibonyeza, usiposikia pii jua ujumbe haujafika.

Hatua ya 2: iwashe vizuri halafu SUBIRI

Bonyeza kitufe cha mode mpaka uone jua. Barafu ni baridi, tone la maji ni kukausha unyevu, feni ni feni tu. Ile ya auto mi siipendi kwa hali ya hewa ya huku, mchana jua kali usiku baridi, AC inajiamulia yenyewe na mara nyingi inaamua tofauti na unavyotaka. Weka jua, weka nyuzi 22 mpaka 24, na vile vibao vya upepo vielekeze chini kwa sababu hewa ya moto inapanda juu, ukivielekeza juu joto lote linakaa kwenye dari.

Sasa kusubiri ndo kunawashinda wengi. Ukizima na kuwasha, kompresa inakaa kama dakika 3 kabla ya kuwaka, hiyo ni bodi inailinda ili presha ya gesi isawazike kwanza. Halafu hata kompresa ikishawaka feni ya ndani haianzi papo hapo, bodi inasubiri koili ya ndani ipate moto kwanza ili isikupulizie hewa ya baridi, hapo kuna dakika nyingine kadhaa. Mteja anaona kimya, anazima, anawasha tena, anazima, kila mara anarudisha hesabu mwanzo! Acha dakika kumi bila kugusa kitu.

Na kwa wale wa sehemu zenye baridi kali, kuna wakati AC itaacha kupasha katikati ya usiku, feni zote zinasimama, nje kunatoka mvuke kama moshi na maji yanamwagika. Usikimbie kuita zimamoto. Koili ya nje imeganda barafu na bodi imegeuza foowei kwa muda ili iiyeyushe, baada ya dakika tano mpaka kumi hivi inarudi yenyewe. Maji kutoka yuniti ya nje wakati AC inapasha ni kawaida kabisa. Ila ikiwa inafanya hivyo kila mara na nje hakuna baridi ya maana, au barafu haiyeyuki inazidi kujijenga, hapo sensa ya koili ya nje ina neno, au koili imeziba vumbi.

Hatua ya 3: piga picha namba ya era, yani namba ya kosa, kabla hujazima umeme

Hii naisisitiza kwa sababu watu wanakimbilia breka. AC nyingi ukizima breka namba ya era inafutika, na wewe umepoteza maelezo ya bure ambayo bodi ilikuwa inakupa. Angalia kioo cha yuniti ya ndani, au taa zinazopepesa uhesabu zinapepesa mara ngapi halafu zinapumzika, rekodi hata video kwa simu. Kwenye Daikin nyingi unashika kitufe cha cancel kwenye rimoti kama sekunde 5 inakuonyesha. Mifano ya zile zinazojirudia: Daikin U4, LG CH05 na Gree E6 zote zinasema kitu kile kile, yuniti ya ndani na ya nje haziwasiliani. LG CH01 ni sensa ya hewa ya ndani, Gree F1 nayo ni sensa ya hewa ya ndani na F2 ni ya koili ya ndani. Herufi moja inaweza kuwa na maana nyingine kwa kampuni nyingine, kwa hiyo tafuta kitabu cha modeli yako hasa.

Ukishapiga picha ndo uzime breka, kaa dakika 5, washa. Kama ilikuwa ni umeme wa kukatika na kurudi umeichanganya bodi, itapona hapo hapo. Pima pia volti ukiwa na mita, 230 ndo yetu, ikiwa inashuka chini ya 207 au inapanda juu ya 253 usilaumu AC. Na kama una AC guard ukutani, kile kifaa cha kulinda AC na umeme mbovu, kumbuka nayo ina dakika zake za kusubiri, zinajumlishwa na zile za bodi.

Hatua ya 4: rimoti

Haraka haraka. Betri mbili mpya za aina moja, safisha zile spring kama zina kutu. Washa kamera ya simu, kamera ya mbele ni nzuri zaidi, elekezea ile taa ndogo ya mbele ya rimoti ubonyeze kitufe, ukiona mwanga wa zambarau kwenye simu rimoti inatuma. Ukiona alama ya kufuli kwenye kioo imefungwa kwa watoto. Rimoti ikiwa nzima na pii haitoki, fungua mfuniko wa mbele wa yuniti ya ndani, kuna kitufe kidogo cha dharura, kibonyeze. Ikiwaka basi mara nyingi bodi ni nzima na tatizo ni kile kipokezi cha ujumbe wa rimoti, ni kipande kidogo tu, usikubali kuuziwa bodi nzima.

Kwa zile rimoti za ukutani zenye waya, waya wake ni wa volti ndogo, usiupitishe bomba moja na waya wa umeme mkubwa maana inapata makelele ya umeme na kuanza kuonyesha era za uongo, na kamwe usiguse temino zake na 230. Taa ya filta ikiwaka ni ukumbusho wa masaa tu, osha filta halafu bonyeza reset ya filta.

Hatua ya 5: sensa, hapa ndo penye utamu

Kuanzia hapa, isipokuwa pale ninaposema uijaribu ikiwa imewaka, breka IZIMWE na mita ithibitishe hakuna umeme, na kama AC ni ya inveta (ile ambayo kasi ya kompresa inapanda na kushuka) fahamu kwamba kapasita za nje (vidude vinavyohifadhi umeme) zinashika zaidi ya volti 300 za DC hata baada ya kuzima. Subiri dakika 10, halafu pima kwenye kapasita zenyewe kabla hujaweka mkono. Kama huna mita au hujawahi kufanya hii kazi, ishia hatua ya 4 uite fundi, hilo nalisema kwa kumaanisha.

Yuniti ya ndani kwa kawaida ina sensa mbili, moja ya hewa inakaa nyuma ya filta na moja imechomekwa kwenye koili. Zote ni zile ambazo omu zinashuka joto likipanda. Chomoa konekta yake kwenye bodi upime. Nyingi ni kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25, zipo pia za 5, 15 na 20, angalia kitabu. Kwa ile ya 10, ukiichovya kwenye maji yenye barafu inatakiwa ipande mpaka kama 30 na kitu, ukiishika kiganjani ishuke taratibu bila kurukaruka. Ikiruka, imekatika au imepata unyevu, badilisha na yenye thamani ile ile.

Kwa nini nakazania hii? Kwa sababu sensa ya koili ikidanganya kwamba koili bado ya baridi, bodi haitaruhusu feni ya ndani ianze. Kompresa inaunguruma, bomba la moto kabisa ukiligusa, na chumbani hakuna upepo, mteja anaambiwa mota ya feni imekufa. Jaribu hiyo feni kwenye mode ya feni tu, ikizunguka vizuri mota ni nzima, rudi kwenye sensa. Na mara nyingine sensa ni nzima kabisa ila imechomoka kwenye kijumba chake inaning'inia, unairudisha tu na kazi imekwisha.

Kuna kesi nyingine, AC inapasha dakika chache inakata na chumba bado baridi. Sensa ya hewa iko juu kule ambako joto linajikusanya, yenyewe inaona chumba kimeshafika. Kama rimoti yako ina ile I Feel au Follow Me iwashe, hapo itatumia sensa iliyomo ndani ya rimoti, halafu weka rimoti karibu na kitanda, sio droo.

Hatua ya 6: foowei

Hapa AC inawaka vizuri ila kwenye joto inaleta baridi. AC nyingi foowei inapewa umeme ikiwa kwenye mode ya joto na inanyimwa ikiwa kwenye baridi, chache ni kinyume. Weka joto, kompresa ikiwaka pima kwenye waya za koili ya foowei (ile ya umeme inayoigeuza, sio ya kupasha), unatarajia volti 220 mpaka 240. Hakuna volti? Tatizo ni rilei ya bodi (swichi yake ya kuwashia umeme) au konekta. Volti zipo? Zima breka, chomoa upime omu za koili, nyingi nilizopima zinasoma kilo-omu moja na kitu mpaka mbili, ikisoma haina mwisho imekatika, na koili inauzwa peke yake bila kugusa gesi. Volti zipo, koili nzima na bado haigeuki, hapo valvu imekwama au presha haitoshi, na sasa ndo anaitwa mtu wa gesi. Tafadhali usiichomoe koili kwenye valvu yake ikiwa na umeme, inaungua chap.

Hatua ya 7: mawasiliano na bodi

Era ya mawasiliano usianze na bodi, anza na waya. Fuata waya wa yuniti ya ndani hadi nje, namba 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3. Sana sana utakuta kiungio njiani kimesokotwa na kufungwa tepu, mvua imeingia, kutu. Weka waya mmoja mzima usio na kiungio.

Kwenye bodi piga picha konekta zote kabla ya kuchomoa hata moja. Angalia fyuzi, nyingi ni 3.15A, na pembeni yake kile kidude cha duara kama sarafu, ni varista, kinga ya umeme mkubwa. Fyuzi imekatika na varista imepasuka, ni umeme mkubwa ulipita, badilisha vyote kwa namba zile zile. Fyuzi imekatika na varista nzima, kuna shoti mahali, itafute kwanza. Kuunga waya badala ya fyuzi ni kuchoma nyumba ya watu. Angalia kapasita zilizovimba kichwa, na kwa bodi za nje angalia mijusi na sisimizi, wanapenda joto lake, mjusi mmoja akilala kwenye njia za umeme bodi imekwenda. Safisha kwa brashi laini na spiriti kavu, acha ikauke kabisa, halafu ziba matundu ya kuingilia waya.

Bodi za kuingiliana zinazouzwa Kariakoo zinafaa AC za kawaida zisizo inveta, na kama AC ina joto hakikisha bodi ina sehemu ya foowei na uiunge. Kwa inveta tafuta bodi ya modeli yenyewe.

Hatua ya 8: kujaribu

Ukiwa mchana wa joto, weka joto na nyuzi 30 ndo itakubali kuwaka. Iache kama dakika 15 tu, usizidishe, maana nje pakiwa na joto presha inapanda na bodi inaweza kujikatia. Pima hewa inayoingia juu na inayotoka chini, tofauti ya nyuzi 15 au zaidi iko poa. Zima, subiri dakika zake, weka baridi, usikie foowei ikipumua "pshhh", tofauti hapo iwe 8 mpaka 12. Andika tarehe, namba ya era uliyoikuta na thamani ya sensa uliyoweka kwenye karatasi, ibandike ndani ya mfuniko wa yuniti ya nje, fundi atakayekuja baada yako aikute. Hili jaribio la joto lifanye mwezi wa nne au wa tano, ukingoja Juni kila fundi ana foleni.