Namna ya Kukokotoa Kivuli cha Shimo Jeusi Linalozunguka Ndani ya Uga wa Skala

Kivuli cha shimo jeusi ni sehemu ya mbingu isiyomletea mtazamaji mwanga wowote, kwa kuwa kila mwale ukifuatwa kinyumenyume kuelekea huko huishia katika upeo wa shimo, yaani mpaka ambao kikiupita kitu hakirudi tena. Kwa shimo la Kerr, linalozunguka katika ombwe tupu, milinganyo ya miale hutengana, yaani huvunjika kuwa milinganyo rahisi inayotatuliwa mmoja mmoja, kama mwanafizikia Brandon Carter alivyoonyesha mwaka 1968, na ukingo wa kivuli hupatikana kwa kalamu na karatasi. Shimo likizungukwa na uga wa skala mzito, yaani uga usio na mwelekeo ambao chembe zake zina tungamo, kama katika masuluhisho waliyoyapata wanafizikia Carlos Herdeiro na Eugen Radu mwaka 2014, njia hiyo hufungwa. Hubaki kufuata mwale mmoja mmoja kwa kompyuta.

Anza na metriki, yaani kanuni ya kupima umbali na muda kuzunguka shimo, ambayo hapa ni jedwali la namba na si fomula. Hakikisha kwamba masafa ya uga ni sawa na kasi ya mzunguko wa upeo ikizidishwa kwa namba kamili, kwani sharti hilo ndilo linaloufanya uga usimezwe wala usikue. Kadiria kwa ulaini thamani zilizo kati ya nukta za jedwali, maana mikwaruzo midogo huzaa kingo za uongo.

Kisha mweke mtazamaji mbali, ukipima umbali wake kwa mzingo wa duara la ikweta uliogawanywa kwa 2π, si kwa kiratibu tupu, yaani namba ya kutaja mahali tu. Paka tufe la mbali rangi nne, kila robo rangi yake, na kutoka kila pikseli rudisha mwale nyuma: ukifika kwenye tufe, pikseli ichukue rangi ya hapo, ukifika kwenye upeo, iwe nyeusi. Mwale ambao muda wa ukokotozi umekwisha kabla haujafika popote usiupake nyeusi hata kidogo. Upe rangi ya tano, kwa sababu uga ukiwa na nguvu nyingi miale hunaswa kwa muda mrefu, njia zake huwa za kivurugu, na kivuli huweza kugawanyika vipande.

Kabla ya kuamini picha, ondoa uga. Shimo lisilozunguka sharti litoe duara la nusukipenyo cha takriban 5.196, kipimo kikiwa GM/c² (G ni namba thabiti ya uvutano, M tungamo la shimo, c kasi ya mwanga). Shimo la Kerr lenye mzunguko wa juu kabisa, likitazamwa kutoka ikweta, litoe kingo katika umbali wa 2 kutoka katikati ya picha upande unaomjia mtazamaji, ambao huwa bapa, na 7 upande wa pili.

Ukilinganisha, shikilia tungamo lote linalopimwa kutoka mbali, si la upeo pekee. Sehemu ya tungamo imo ndani ya uga, nje ya upeo, na ndiyo sababu kivuli huelekea kuwa kidogo kuliko cha Kerr chenye tungamo lile lile. Asiyezingatia hilo atalinganisha vitu viwili visivyolingana.

Usichukue pia pete ya shimo jeusi la galaksi ya M87 iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, yenye kipenyo cha sehemu 42 za milioni za sekunde ya tao (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii), ukaiita ukingo wa kivuli. Pete hiyo ni mwanga wa gesi, na gesi lazima iingizwe katika ukokotozi kwanza.