Boliti na nati za lori la zamani: namna ya kuzipata bila kuua nyuzi

Wakuu, wengi tukifufua lori la zamani akili yote inaenda kwenye injini na bodi, boliti tunaona kitu kidogo, mpaka siku ya kufunga ndo unagundua kilo nzima uliyobeba kutoka Kariakoo haiingii. Mi nimefufua Bedford TJ, lile la Muingereza lenye pua lililoanza kutoka 1958, na leo naandika habari ya boliti tu.

Hatua ya 1: usitupe hata moja
Hata iliyokatika, hata iliyoliwa na kutu. Kila sehemu na kopo lake, andika kwa maka peni "wota pampu", "springi za nyuma", maana boliti ya zamani ndo sampuli yako. Iliyoganda loweka dizeli usiku kucha, kesho yake pasha nati moto kwa gesi, ila angalia kama kuna tangi au paipu ya mafuta karibu.

Hatua ya 2: safisha, pima
Hapa ndo penye kazi. Piga brashi ya waya mpaka uone chini ya nyuzi, halafu shika venia (ya kupimia unene) na geji ya nyuzi (ya kuhesabia nyuzi kwa inchi). Malori haya ni ya inchi, yaani UNF (nyuzi za karibukaribu) na UNC (nyuzi za mbalimbali). Boliti ya inchi 5/16 ina unene wa mm 7.94 na M8, ile ya milimita, ni mm 8, kwa macho hutofautishi, na spana ya 13 inakamata vichwa vyote viwili japo kwenye ya inchi inacheza kidogo na ndo inayoviringisha kichwa. Tofauti iko kwenye nyuzi: UNF ina 24 kwa inchi, UNC 18, na M8 kama 20. Nilishawahi kuambiwa dukani "ni ileile mzee", nikaipeleka M8 kwenye tundu la 5/16, ikaingia mizunguko miwili ikakaza, nikaongeza paipu kwenye spana, kuitoa ikatoka na unga wa chuma na vipande vya nyuzi za bloku. Ikabidi tundu litobolewe upya na kupigwa tepu (kifaa cha kukata nyuzi ndani ya tundu) ya 3/8. Iliniuma sana. Boliti sahihi inaingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho, ikigoma toa hapohapo.

Kwenye magari ya zamani zaidi utakuta Whitworth, nyuzi za kizamani za Muingereza, hiyo pembe ya uzi ni digrii 55 wakati UNC ni 60. Ya 3/8 zote mbili zina nyuzi 16 kwa inchi, kwa hiyo inaingia na unadhani umepata kumbe haishiki vizuri. Ya nusu inchi inajitaja yenyewe, Whitworth ina nyuzi 12 na UNC 13.

Hatua ya 3: nenda kwenye trekta
Hii wengi hawaijui. Massey Ferguson 135 nayo ni ya inchi na bado inalima, kwa hiyo maduka ya spea za trekta yana UNF na UNC wakati duka la spea za Toyota hawana kabisa. Wauza spea za Caterpillar pia wanazo. Beba sampuli na nati yake, usitaje saizi kwa mdomo.

Hatua ya 4: soma kichwa
Mistari 3 kichwani ni gredi 5, mistari 6 ni gredi 8, ambayo ni imara zaidi. Kichwa kisicho na alama funga madigadi, usithubutu kwenye stelingi, breki wala yubolti za springi. Na hizo sehemu usikerezeshe boliti kwa nondo au chuma chochote cha skrepa, hata fundi akikuapia. Kukereza ni kwa spesa, pini za milango na vitu vya namna hiyo.

Kabla hujaanza kutafuta nati za tairi, angalia upande wa kushoto wa lori. Mengi ya Kiingereza yana uzi wa kinyume upande huo, mara nyingi kuna herufi L kwenye ncha ya stadi, kwa hiyo unafungua kwa kuzungusha kulia, na nati zake nunua seti peke yake uziweke kopo tofauti.