Ukishuka South Georgia, kisiwa cha Atlantiki ya Kusini
Kabla ya kushuka, chukua pini uchokonoe soli za buti na mishono ya mifuko mpaka mbegu ya mwisho itoke, usije ukaingiza mimea au viumbe wa nje. Hapa sina mzaha: kisiwa kilitangazwa hakina panya tena mwaka 2018, na ndege wanaotaga ardhini ndio kwanza wanapumua. Funga koti hadi shingoni hata jua likiwaka, maana upepo huporomoka ghafla kutoka kwenye barafu za milimani.

Ukifika St Andrews Bay, ghuba ya pengwini kisiwani humo, usikae chini wala kuweka begi, usije ukabeba maambukizi. Mafua ya ndege yalithibitishwa kisiwani 2023. Vifaranga wa pengwini-mfalme, wenye manyoya mazito ya kahawia, hukusogelea wenyewe. Wapendeza mno, lakini rudi nyuma. Sili dume akikukabili, usikimbie: simama imara, kisha ondoka taratibu.